Shemeji, weusi wetu hautakusaidia Alice Springs

Shemeji, hongera kwa hiyo ajira ya kuhudumia wazee hapa Alice Springs, mji wa katikati ya Australia. Umeniandikia kwa mshangao kwamba kabla ya kupangiwa zamu ni lazima ukae darasani ujifunze utamaduni na historia ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hii, ukauliza: "Sisi weusi kama wao, Mzungu atatufundisha nini?"

Anayefundisha huenda asiwe Mzungu. Kundi letu lilifundishwa na mama wa Kiarrernte, ndio wenye ardhi hii tangu zamani. Halafu rangi yako haitakusaidia kitu. Kwa bibi aliyelala kitandani, wewe ni mtu wa sare na fomu mkononi, na sare hapa ina mambo yake.

Ukifika, nenda kwenye kituo cha zamani cha telegrafu, nje kidogo ya mji upande wa kaskazini. Waya ulifika mwaka 1872, Wazungu wakaufuata. Watalii hupiga picha pale siku hizi. Kati ya 1932 na 1942 majengo yaleyale yalikuwa bweni la watoto machotara, wengi wao wakiwa wametenganishwa na mama zao kwa amri ya serikali ili walelewe Kizungu. Kuchukua watoto namna hiyo kuliendelea sehemu mbalimbali za Australia hadi kwenye miaka ya 1970 hivi. Serikali iliomba radhi bungeni Februari 13, 2008, kwa kinywa cha Waziri Mkuu Kevin Rudd. Sasa piga hesabu: bibi wa miaka themanini utakayemwogesha alikuwa mtoto enzi hizo. Akikuitikia "ndiyo" kwa kila unachouliza, usidhani ameelewa wala amekubali. Pengine anataka tu uondoke. Kiingereza kwa wengi wao ni lugha ya tatu au ya nne, kwa hiyo ita mkalimani, wapo. Asipokutazama usoni, hiyo ni heshima. Akinyamaza kabla ya kujibu, nawe nyamaza.

Mengine wewe mtoto wa Tukuyu utayashika haraka kuliko Mzungu. Unakumbuka hadithi za mkamwana kukwepa njia akimwona baba mkwe anakuja? Huku wanaoepukana ni mkwe wa kiume na mama mkwe. Ila wenzetu wamekwenda mbali: jamii nzima imepangwa kwa mafungu, na fungu ulilozaliwa laweza kukupa mama mkwe hata kama hujaoa. Kazini kwetu kijana mmoja Mwaborijini aliambiwa ampelekee chakula mzee fulani wa kike. Akasimama nje na sinia, ameupa mlango mgongo, uji unapoa. Msimamizi, aliyekuja karibuni kutoka Melbourne, akataka kuandika kwamba kijana amegoma. Mama wa jikoni akalichukua lile sinia, akaliingiza, akatoka akamwambia, "Huyo kwake ni mkwe." Wakabadilishana vyumba kwenye ratiba, basi.

Msiba nao una taratibu zake. Mwenzako akiomba ruhusa ya kumzika mama yake mara ya pili, usicheke na wale watakaouliza ana mama wangapi. Dada wa mama ni mama, kama mama mkubwa na mama mdogo kwetu. Jina la marehemu halitajwi kwa muda mrefu, na aliye hai mwenye jina hilo hubadilishiwa. Eneo hili utasikia akiitwa Kumanjayi au Kwementyaye. Wazee wao huitwa anti na anko, lakini usijitwalie mwenyewe, subiri uambiwe. Na usimwulize mtu yeyote ana asilimia ngapi ya Uaborijini, hata kama ana macho ya kijani. Swali hilo waliulizwa sana na waliokuja kuchukua watoto.

Sitakudanganya kwamba kazini kila kitu ni heshima. Mikutano hufunguliwa kwa maneno ya kuwatambua wenye ardhi, na nimewaona mabosi wakiyasoma mbio kama matangazo ya abiria, kisha jambo lolote linalohusu Waaborijini analimbikiziwa yule mfanyakazi mmoja Mwaborijini, juu ya kazi yake, bila senti ya ziada. Oktoba 2023, asilimia 60 hivi ya wapiga kura walikataa kuwapa Waaborijini chombo cha kikatiba cha kulishauri bunge. Mwezi ule wenzetu walikuja kazini kimya, na mpaka leo wengine hawataki kuulizwa habari ile.

Linaloniudhi zaidi ni sisi. Ulevi mtaani utauona, na 2024 serikali ilipiga marufuku watoto kuzurura usiku katikati ya mji. Sasa kaa kwenye nyama choma ya Waafrika uwasikie: wavivu, wanalishwa bure. Mtu ana miaka miwili hapa, viza mfukoni, anawasema watu ambao mji huuhuu walizuiwa kuingia bila kibali hadi miaka ya 1960, na ambao babu zao walichunga ng'ombe wa Wazungu kwa malipo ya unga, sukari na chai. Utakaribishwa kwenye hizo nyama choma. Nenda, ni watu wetu, ila hayo usiyaitikie.

Na uliuliza kuhusu masweta. Ni jangwa, ndiyo, lakini usiku wa Julai baridi hushuka hadi chini ya sifuri. Beba yaleyale ya Tukuyu.