Mboji ndani ya chumba na jiko, ndoo ikinuka angalia maji kwanza

Mkuu umeuliza kama mtu anayekaa ghorofani, chumba na jiko, hana hata kibaraza, anaweza kugeuza maganda ya jikoni kuwa mboji, yani mbolea ya mabaki yaliyooza, bila majirani kulalamika harufu. Inawezekana kabisa. Mi huu mwaka wa 4 sasa nafanya, ndoo mbili za lita 20 chini ya sinki, ila mwanzo niliharibu sana kwahiyo ngoja nikueleze vizuri usije ukapita nilikopita.

Ndoo ya kwanza niliijaza maganda tu, naweka nafunika naondoka. Wiki mbili baadae nafungua, harufu ya yai viza, chini maji meusi, funza wanatembea kwenye mfuniko. Nikaona ndoo ndo mbovu, nikatafuta yenye mfuniko unaobana zaidi, ikawa mbaya kuliko ya kwanza maana hapo hewa nimeiziba kabisa. Mabaki ya jikoni sehemu kubwa ni maji, yakilowana yakashikana hewa haipiti, wanabaki bakteria wasiohitaji hewa na hao ndo wanaotoa ile gesi ya yai viza. Wale wanaopenda hewa wakifanya kazi unasikia harufu ya udongo ulionyeshewa, basi.

Kwahiyo kabla ya ndoo tafuta vitu vikavu. Maboksi yasiyo na plastiki juu, trei za mayai za karatasi, magazeti, majani makavu, maranda ya mbao isiyopakwa rangi wala dawa. Mi jioni nakaa nachana maboksi vipande vidogo vidogo najaza mfuko nauweka pembeni ya ndoo, kila kikombe kimoja cha maganda nafunika na vikombe viwili vya karatasi. Vipimo vya kitaalamu ni kaboni (iko nyingi kwenye vitu vikavu) mara 25 hadi 30 ya naitrojeni (iko nyingi kwenye maganda mabichi) lakini jikoni utaipimaje, we fuata vikombe hivyo, na unyevu upime kwa mkono: chukua konzi moja ukamue. Yakitoka matone mawili tu iko sawa, ikichuruzika ongeza karatasi, ikiwa inapukutika nyunyiza maji. Ukisikia harufu inayochoma pua kama mkojo hiyo ni amonia, naitrojeni imezidi, dawa yake karatasi hizo hizo.

Matundu toboa ubavuni na chini, weka sinia la kukinga maji, geuza kila siku mbili tatu. Nyama, samaki, maziwa na mafuta usiweke kabisa. Maganda ya mayai yasage, mi nilikuwa naweka hivyohivyo na mwaka unaisha nayakuta vilevile.

Vijinzi vya matunda sasa, hivi vilinisumbua kuliko kitu chochote. Mayai yao mara nyingi yanakuja tayari yako kwenye ganda la tunda, ndo mana unafunika vizuri na bado wanatokea. Nilichofanya ni kuweka maganda kwenye friza siku mbili tatu kwanza, mayai yanakufa na ganda likiyeyuka linakuwa laini linaoza haraka. Na juu ya ndoo siku zote iwepo safu ya karatasi kavu, unene wa vidole viwili.

Kuna watakaokwambia ufuge minyoo. Ni kweli wanafanya kazi nzuri, ila sio mnyoo yeyote wa kuchimba ardhini, ni wale wadogo wekundu wanaokaa kwenye samadi na majani yaliyooza. Wanataka joto la nyuzi 15 hadi 25, likipita 30 wanahangaika na wengi wanakufa. Mi boksi lao niliweka nyuma ya friji panapotoka joto, walikufa wote, na iliniuma sana kwasababu nilikuwa nimewalisha miezi.

Ndoo haipati moto kama lundo kubwa la nje, kwahiyo mbegu hazifi, usishangae nyanya kuota kwenye chungu cha maua. Ikijaa acha kuongeza, iache miezi 3 ukigeuza mara mojamoja, we anza ya pili. Imeiva ikiwa nyeusi na hutambui tena ganda. Usipande kwenye mboji tupu, changanya sehemu moja na udongo sehemu tatu.

Mko wangapi hapo ndani? Mi niko peke yangu na ndoo inajaa kwa miezi kama 3 hivi maana kadri inavyooza inashuka, mkiwa wanne au watano ndoo mbili hazitatosha.