Waya wa Akiba Kati ya Swichi: Chagua Mzizi Kabla ya Kuuchomeka

Mafundi wa mtandao ninaokutana nao hapa Dar wako wa namna mbili. Wapo wanaounganisha swichi kwa waya mmoja na kumwomba Mungu usikatike. Wapo pia wanaochomeka waya wa pili bila kugusa mipangilio yoyote, kwa kuwa eti swichi za siku hizi zina akili. Wa kwanza nawaelewa. Wa pili ndio wanaoniletea kazi.

Waya huo wa pili hutengeneza kitanzi, yaani njia inayozunguka na kurudi ilikoanzia. Pakiti ya IP, kifurushi cha data, ina hesabu ya TTL inayopungua kila inapovuka rauta, na ikifika sifuri pakiti inatupwa. Fremu ya Ethernet, bahasha ambayo swichi hupitishiana, haina hesabu hiyo. Kompyuta ikitoa tangazo la ARP kuuliza nani mwenye anwani fulani, swichi hulirusha kwenye poti zote isipokuwa ile lililoingilia. Penye kitanzi, tangazo hilo huzunguka na kurudi, likarushwa tena, na hakuna wa kuliua. Muda si mrefu taa zote zinapepesa kwa pamoja, simu za mezani zinakufa, na ukijaribu kuingia kwenye swichi kwa mbali, kwa SSH, ili urekebishe, haikusikii. Unabaki kuchomoa nyaya moja baada ya nyingine huku bosi amesimama mlangoni.

Dawa yake ipo siku nyingi: itifaki ya STP (Spanning Tree Protocol), kanuni za swichi kukubaliana njia. Mhandisi Radia Perlman aliibuni mwaka 1985 akiwa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, na IEEE, chombo cha viwango vya uhandisi, ikaifanya kiwango cha 802.1D mwaka 1990. Swichi hupeana ujumbe uitwao BPDU, zikachagua moja iwe mzizi, yaani kitovu cha njia zote, kisha kila moja ikatafuta njia nafuu ya kuufikia. Njia zinazobaki hufungwa. Waya wa akiba unakuwa umechomekwa lakini haupitishi data mpaka uhitajike. STP ya zamani huchukua sekunde 30 hadi 50 kuufungua. RSTP, toleo lake la haraka lililokuja mwaka 2001, kwa kawaida haifikishi hata sekunde chache. Kama swichi yako inayo RSTP, washa hiyo.

Sasa, huo mzizi. Swichi zenye STP kwa kawaida hutoka kiwandani na kipaumbele cha 32768, na mwenye namba ndogo ndiye anayekuwa mzizi. Zikilingana, anayeshinda ni mwenye anwani ndogo ya MAC, namba ambayo kifaa hupewa kiwandani, na kwa swichi za mtengenezaji mmoja mara nyingi huyo ni kikongwe kuliko wenzake. Niliitwa kwenye ofisi moja iliyokuwa ikimlaumu mtoa huduma wa intaneti kila siku. Swichi kuu mbili zilikuwa zimeunganishwa kwa gigabiti moja, na kila moja ilikuwa na waya wa megabiti 100 kwenda kwenye swichi kuukuu ya mapokezi. Kuukuu hiyo ndiyo iliyokuwa mzizi. Kwa hesabu ya STP, waya wa megabiti 100 una gharama 19 na wa gigabiti una 4. Kuufikia mzizi moja kwa moja ni 19, kupitia kwa mwenzake ni 23. Basi waya wa gigabiti ukafungwa, na ofisi nzima ikawa inapita mapokezi! Niliiwekea swichi kuu kipaumbele cha 4096 na mwenzake 8192 (namba hizi huenda kwa hatua za 4096), malalamiko yakaisha.

Kama nyaya zako mbili zinaunganisha swichi zilezile mbili, usiiachie STP ifunge mmoja. Ziunganishe ziwe kama waya mmoja kwa LACP, itifaki ambayo swichi hutumia kukubaliana muungano huo, upate kasi na akiba kwa mpigo. Panga pande zote mbili kabla ya kuchomeka waya wa pili, na tumia LACP yenyewe, si muungano wa kulazimisha ambao swichi haziulizani kwanza: upande mmoja ukikosewa, huo wa kulazimisha unaweza kukuzalia kitanzi kilekile.

Lakini vitanzi vingi nilivyovikuta havikuzaliwa kwenye chumba cha seva. Vilizaliwa chini ya meza, mtu alipoona ncha ya waya inaning'inia akaichomeka ukutani. Poti za watumiaji ziwekee PortFast, au jina lolote swichi yako inaloiita, ili poti ifunguke mara moja bila kungoja STP, na kompyuta isicheleweshwe kupata anwani yake ya mtandao kwa DHCP. Palepale ongeza BPDU Guard, poti ijifunge ikisikia BPDU. Kuna viswichi vya bei rahisi vinavyomeza BPDU, BPDU Guard isisikie kitu, kwa hiyo weka na kikomo cha matangazo kwa kila poti.

Usiunge swichi mkufu mrefu pia. Vipima muda vya STP ya kawaida vimepangiwa mtandao usiozidi swichi saba toka mwisho hadi mwisho. Novemba 2002 hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston, Marekani, ilivuka mpaka huo, mtandao ukalala siku kadhaa na madaktari wakarudi kwenye makaratasi.

Ukimaliza, washa ping, amri ya kupima kama kifaa kinajibu, chomoa waya mkuu mwenyewe na uone. Fanya hivyo jioni watu wakiwa wameondoka, usingoje panya akufanyie mtihani. Kisha bandika lebo ya "AKIBA, USICHOMOE" kwenye ncha zote mbili za waya wa akiba, maana kwenye swichi nyingi za Cisco taa ya poti iliyofungwa huwa ya rangi ya chungwa, na fundi atakayekuja baada yako ataiona akadhani ni mbovu.