Mwongozo wa tovuti una faida kweli?

SWALI: Habari za kazi dada, nina tovuti ya kupangisha vyumba kwa wapanda mlima hapa Moshi, kijana aliyenitengenezea kanitumia ule mwongozo wa W3C (shirika la kimataifa linaloweka viwango vya wavuti) wa kufanya tovuti itumike na kila mtu, nimesoma nusu nikachoka, hivi una faida au ni mambo ya Ulaya tu? (Msomaji, Majengo)

JIBU: Pole kaka, ni mrefu kweli na lugha yake ngumu, ila mimi naupenda sana. Chukua rangi tu, toleo la 2.0 la mwaka 2008 linataka utofauti wa mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake ufike angalau 4.5 kwa 1. Juzi niko stendi Arusha saa sita mchana natafuta nauli kwenye tovuti ya basi, maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, jua linawaka, nikafunika simu na kanga nisome lakini wapi, mwisho nikamuuliza konda. Hapo ndo unaelewa hiyo namba ni ya nini!

Msomaji wa Sakina aliniandikia kwamba mwongozo unaua ubunifu, hapo sikubaliani nae kabisa, picha zako za Kibo hakuna anayezigusa.

Ila usiishie kusoma. Mpe mama simu, mwambie abuki chumba cha siku 2, we kaa kimya uangalie kidole chake kinakwama wapi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 tu wanatosha kukuonyesha matatizo mengi, na watano hapo Majengo huwakosi.