Kuhusu Amplifaya, na Usiku Ule wa Tabora

Morogoro, Jumapili

Mwanangu Zuhura,

Ama baada ya salamu, sisi huku ni wazima. Mama yako kifua kimetulia, na yule jogoo wako tumemla Idi, usiulize.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, kisha nikamsomea mama yako kwa sauti. Unauliza ukope kwenye kikoba ununue amplifaya yako mwenyewe ya wati 300, kwa kuwa kila Ijumaa hapo hotelini besi yako haisikiki, au uendelee kuvumilia na ile ya bendi. Mama yako akasema, "Si umwandikie tu ndiyo au hapana, mtoto alale." Ningeweza. Lakini wewe umeuliza habari ya kununua, na mimi nimekwama pale ulipoandika "hawanisikii". Nani hao? Wanaocheza ukumbini, wenzako jukwaani, au ni wewe mwenyewe hujisikii? Hayo ni maradhi matatu na kila moja lina dawa yake.

La kutojisikia mwenyewe ndilo jepesi. Amplifaya ikikaa sakafuni nyuma yako inapigia magoti, na masikio hayako huko. Iweke juu ya kreti la bia, au iinamishe nyuma kidogo ikutazame usoni. Ule mngurumo unaotokana na sakafu utapungua, lakini utaanza kusikia noti. Kama jukwaa ni la mbao na chini kuna uwazi, punguza sauti nzito kabla hujaongeza chochote, maana mbao zenyewe zinavuma na watu wanadhani ni wewe. Simama upande wa hai-hati, yale matoazi mawili ya kukanyaga kwa mguu, pale unapouona mguu wa mpiga drams. Besi na dramu la mguu vikianguka pamoja, vyombo vidogo tu vinajaza ukumbi. Vikipishana, hata wati 1,000 ni kelele.

Na fundi mitambo mfikie mapema, msalimie, muulize habari za nyumbani kabla hujamuuliza habari za besi. Usimgombeze kupitia kipaza sauti mbele ya wateja. Mnapojaribu vyombo, msijaribu kimoja kimoja kisha mkashuka. Kila chombo kikiwa peke yake ni kitamu. Pigeni wimbo mzima, wote, ule wenye fujo kuliko zote, na mmoja wenu ashuke akasikilize kule mwisho karibu na vyoo. Kitu kingine, kipaza sauti kikikupiga shoti mdomoni huku umeshika nyuzi, msicheke na kuendelea kama mlivyofanya Desemba. Hapo waya wa ardhini haupo au umekatika, na watu hufa kwa jambo hilo. Zimeni, mwite fundi umeme.

Sasa unajua ninakokwenda. Wewe na kaka zako mmelisikia hili tangu mko shule ya msingi mpaka mkawa mnalikariri mezani: sauti haipandishwi, huachiwa nafasi.

Sijui kama niliwahi kuwasimulia vizuri habari ya Tabora. Mama yako anasema nimesimulia hadi ukuta unaijua. Basi ukuta unisamehe.

Ilikuwa 1982. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, na nyuzi za gitaa zilizokuwa zikipenya kutoka Nairobi zikawa adimu. Tulikuwa tunachemsha zile kuukuu kwenye sufuria ili zitoe jasho na kutu, zinarudisha mlio kwa siku mbili tatu, kisha zinakufa tena. Vyombo vilikuwa mali ya shirika. Wewe hujui maisha hayo, mwanangu. Wakati ule mwanamuziki wa dansi alikuwa mwajiriwa. NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Urafiki ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Vijana ilikuwa ya umoja wa vijana, na sisi tulikuwa na mwenyewe wetu. Ukihama bendi, gitaa unaliacha ukutani.

Tukaenda Tabora kwa treni, vyombo kwenye behewa la mizigo. Mpiga solo wetu, mwenye gitaa la kuongoza, yule mliyekuwa mkimwita Babu Solo alipokuja na pipi, alikuwa na amplifaya yake, mimi wa rithim, gitaa la kushikilia mwendo, nina yangu, besi ana yake. Na kila usiku ilikuwa vita. Yeye anapandisha kidogo, mimi nisisikike, nipandishe, besi naye apandishe, waimbaji wapige makelele mpaka mishipa ya shingo itoke. Ikifika saa sita nusu ya ukumbi wamehamia baa, na meneja anasema watu wa mkoa huu hawajui muziki.

Usiku ule, wimbo wa pili, amplifaya ya solo ikatoa harufu ya mpira unaoungua, kisha moshi. Labda ni treni iliitikisa, labda ni umeme wa pale uliokuwa ukipanda na kushuka. Fundi akaifungua, akaifunga, akatikisa kichwa. Ya kwangu ilikuwa na matundu mawili ya kuchomekea gitaa. Hakukuwa na la kujadili, solo na rithim tukachomeka waya zetu kwenye amplifaya moja.

Hapo ndipo nilipotaka ufike. Spika ni ileile. Akipandisha sauti kwenye gitaa lake, spika inakoroma kwa wote wawili na yeye mwenyewe hajisikii. Nikipiga gumbagumba mimi, namfunika mtu ambaye sauti yake inatoka mahali palepale inapotoka yangu. Nyimbo mbili za kwanza tulikuwa kama walevi wawili kwenye mlango mmoja. Wa tatu ukatulia. Mwimbaji akiimba, yule bwana akanyamaza kabisa, kisha mwisho wa mstari akajibu kwa noti nne au tano, akanyamaza tena. Mimi nikabana nyuzi kwa kiganja, nikawa natoa ule mlio mkavu mfupi, chini ya tumba. Tulipofika kwenye chemko, pale wimbo unapochangamka watu wacheze, tarumbeta zikaingia na hakuna aliyezizuia njia. Wafanyakazi wa reli walikuwa pale na wake zao, hakuna aliyekaa. Kuna mzee mmoja mwenye kofia ya sare aliyecheza peke yake mbele ya jukwaa, macho kayafumba, hata bia yake aliisahau kwenye kona ya spika.

Mpiga besi wetu akanisogelea, akaniambia sikioni, "Kumbe huu wimbo una maneno!"

Tulikuwa tumeupiga mwaka mzima.

Ukitaka kusikia ninachosema bila hadithi zangu, tafuta rekodi za bendi ya Mlimani Park za miaka ya 80. Marehemu Michael Enoch aliyekuwa akipanga ule muziki alishawahi kuwa mpiga solo wa Dar es Salaam Jazz kabla ya kushika saksafoni, kwa hiyo alijua pande zote mbili za ugomvi. Sikiliza magitaa yanavyojibizana bila kukanyagana, na pale mwimbaji anapoanza uone nani anarudi nyuma.

Haya, Tabora ikaisha. Wiki iliyofuata ofisini kukaitwa kikao. Meneja akasema amesikia jinsi mpiga solo alivyoteseka safarini, akampongeza kwa moyo wa uvumilivu, na akatangaza kwamba shirika limemnunulia amplifaya mpya, kubwa kuliko ile iliyoungua. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Mwenzangu yule hakusema neno, na nilimwangalia usoni nikaona anajua. Anajua kabisa! Jumamosi ile tukarudi kwenye vita yetu kama kawaida.

Na ndipo tukaitwa Radio Tanzania kurekodi. Siku hizo mnaingia wote studio, mnapiga pamoja kwa mara moja, mmoja akikosea mnaanza upya. Wimbo ule wa Tabora ndio tuliorekodi. Baba yako mdogo mpaka leo anausifu. Mimi nikiusikia napunguza redio. Solo inaanza neno la kwanza haipumui mpaka mwisho. Mimi nipo, ukitega sikio vizuri utanikuta kwenye ubeti wa pili, pale mwenzangu alipogeuka pembeni kukohoa.

Miaka yote hii, na bado nikiandika hapa mkono unakaza kalamu. Mama yako amepita, amesema niache.

Nisikudanganye lakini, maana naona nimeegemea upande wangu. Sisi hatukuwa na kinanda kinachoweza kufanya kazi ya watu sita. Drams zetu hazikuwa na vipaza sauti saba vilivyozizunguka. Ukumbi wa hoteli yenu una vioo kila upande, sauti inagonga inarudi. Inawezekana amplifaya ya bendi ni mbovu kweli, koni ya spika imechanika, na mimi nakaa Morogoro nakuhubiria nafasi wakati mtoto anapigia boksi bovu. Chunguza hilo kwanza. Chomeka besi ya mwenzako, badilisha waya, badilisha jeki, jaribu mchana ukumbi ukiwa mtupu. Waya wa bei ndogo umewahi kuua maonyesho mengi kuliko vipaji vibovu.

Tena kuwa na chombo chako ni uhuru. Nilipoacha muziki nilitoka na shati tu. Wewe ukigombana nao kesho unapakia bajaji unaondoka. Hilo nalitamani kwa ajili yako, nisiseme uongo. Kwa hiyo nikikwambia usinunue nitakuwa nimesahau, na nikikwambia nunua, nakujua: mwezi wa kwanza utasikika, wa pili yule wa solo atanunua ya wati 500, wa tatu mtakuwa Tabora kabla ya moshi. Na deni la kikoba linalipwa kila Jumamosi usikike usisikike.

Jaribuni kitu kimoja kabla. Ombeni kiongozi wenu mazoezi ya siku moja bila amplifaya hata moja, drams kwa brashi, mwimbaji bila kipaza sauti. Asiyemsikia mwimbaji ndiye anayepiga kwa nguvu mno. Mtagombana, lakini mtagombana mchana, na hakuna mteja.

Jambo moja uliliandika kama la kupita tu, kwamba ulianza kupotea tangu alipokuja huyo kijana wa kinanda, aliyezoea kupiga peke yake kwenye maharusi. Juu yake sitasema kitu. Simjui, ni mtoto wa watu, na wewe ndiye unayekaa naye jukwaani. Nilishaandika mistari miwili nikaikata, mama yako ameiona, anacheka. Anayepiga peke yake hana mpiga besi, kwa hiyo lazima... Hapana, naacha. Ijumaa hii mwangalie mkono wa kushoto, huo tu, wimbo mzima, halafu unipigie hata kama ni usiku wa manane.

Nyuzi za besi ulizoniagiza nimezipata, zinakuja na basi la Jumatano asubuhi. Mpigie kondakta mapema, zisije zikaishia Moshi.

Baba yako