Shangazi, akili zangu ndizo zinanikosesha mpenzi?

SWALI

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31, kazi yangu ni kukokotoa hatari katika kampuni ya bima. Shuleni nilikuwa kichwa. Nikishika namba mbili, nyumbani hapakaliki. Wenzangu waliokuwa wakinakili kazi zangu sasa wana wake na watoto, mimi hata kulala na mwanamke sijawahi. Kwenye programu ya kutafuta wachumba nimeandika IQ yangu (alama za kipimo cha akili), 138, lakini ujumbe siletewi. Karibuni kuna dada tulielewana vizuri. Mtoko wa tatu akaniambia anaogopa kupanda ndege. Nikamweleza uwezekano wa ajali, nikamlinganishia na gari. Hakunitafuta tena. Nimesoma kwamba wenye akili nyingi hawana bahati ya mapenzi. Je, nijifanye mjinga?
— Kichwa Mpweke

JIBU

Marahaba mwanangu. Usijifanye mjinga. Utachoka mapema, na atakayekupenda hivyo atakuwa amempenda mtu ambaye hayupo.

Ulichosoma kina ukweli ndani yake, ila kimekatwa mkia. Mwaka 2000, Carolyn Halpern na wenzake walichapisha utafiti kuhusu vijana wa Marekani waliokuwa katika umri wa kubalehe. Wenye akili nyingi walichelewa kuanza kujamiiana, na hata kubusiana. Ambacho watu hawasimulii ni kwamba wenye alama za chini kabisa nao walikuwa nyuma. Waliotangulia ni wale wa katikati. Tena hao walikuwa vijana wa shule. Kuchelewa ukiwa na miaka 16 hakumaanishi kukosa ukiwa na 31.

Sasa hiyo 138 yako. Mwaka 2018, Gilles Gignac na wenzake wa Chuo Kikuu cha Australia Magharibi waliwauliza vijana 383 wangevutiwa kiasi gani na mtu mwenye akili za ngazi mbalimbali. Mvuto ulipanda mpaka kwa mtu anayewazidi watu 90 kati ya 100. Kwa anayewazidi 99, ukashuka kidogo. Wewe uko huko kwa 99. Umeshuka kidogo, hujaporomoka! Na hayo ni majibu ya kwenye karatasi. Watafiti wa Ujerumani waliochapisha mwaka 2021 waliwakutanisha watu ana kwa ana: akili ya mwenzio huweza kuhisiwa, lakini haikuwa yenyewe inayomvuta mtu. Kwa hiyo ifute hiyo namba leo. Mtu akiisoma anajiona ameitwa kwenye usaili.

Watakutajia mwanasayansi Newton, aliyekufa bila kuoa. Wajibu kwa Kurt Gödel, mmoja wa wanamantiki wakubwa kabisa: mwaka 1938 alimwoa Adele, aliyewahi kucheza dansi klabu ya usiku, wakaishi pamoja mpaka Gödel alipofariki mwaka 1978.

Turudi kwenye ndege, maana kesi yako iko pale. Unadhani yule dada hajawahi kusikia kwamba ndege ni salama kuliko gari? Kila mwoga wa ndege ameshaambiwa hivyo mpaka masikio yamemchoka. Hakuwa anaomba takwimu. Mtoko wa tatu, mtu anakufungulia udhaifu wake: huyo alikuwa anakusogelea, wewe ukamsahihisha. Ungemuuliza hofu ilianza lini. Ungemuuliza safari ya mwisho alikaa na nani, alishika nini. Hapo akili yako ingefanya kazi nzuri sana, kwa sababu mtu mwenye kichwa chako akiamua kumdadisi mwenzake kwa dhati, anakumbuka kila kitu, na hakuna anayechukia kukumbukwa. Kuwa na akili hakumfukuzi mtu. Ujuaji ndio unaomfukuza.

Mume wangu ni mhandisi. Nikimwambia kichwa kinauma, alikuwa ananiuliza nimekunywa maji kiasi gani. Nimemfundisha: pole kwanza, maji baadaye. Ilichukua muda, lakini kafuzu.

Huyo dada mwandikie mara moja tu: “Uliniambia jambo la moyoni, nikakujibu kama mwalimu. Ningependa kukusikiliza.” Usiongeze maelezo. Asipojibu, mwache apumzike. Na utafute pia mahali watu wanapofanya jambo unalolipenda, kwa maana wanandoa huelekea kufanana kiakili kuliko wanavyofanana kitabia. Kuna mwanamke mahali fulani anakerwa na hesabu mbovu kama wewe.

Kuhusu kutolala na mwanamke, usilitangaze mtoko wa kwanza, wala usijifanye mzoefu. Mkianza kukaribiana, mwambie kwa sentensi moja, halafu muulize yeye anapenda nini. Akicheka kwa dharau, aga. Akitabasamu, baki. Na kondomu nunua mapema.