Ukipangiwa kusimulia maisha yako kikaoni, nenda na kitu kimoja mkononi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa klabu yetu, fundi majokofu, alinifuata baada ya kikao akiwa na karatasi tatu zilizochapwa. Amepangiwa kusimulia maisha yake, dakika ishirini, na alitaka nimpitishie macho. Karatasi ya kwanza ilianza na mwaka aliozaliwa, ikaenda shule ya msingi, sekondari, chuo cha ufundi. Nikamwomba azikunje kwanza tukae. Niliyomwambia jioni ile ndiyo ninayoyaandika hapa, maana najua wengi wanaopangiwa zamu ya namna hii, iwe Rotary, iwe Lions (klabu za watu wa kazi mbalimbali wanaokutana na kuihudumia jamii), iwe kikundi cha akina mama cha mtaani, na wanakosa usingizi kwa ajili yake.

Mimi ni mfamasia, nina duka la dawa hapa Tanga, na niko Rotary mwaka wa kumi na moja sasa. Kikao chetu ni cha kila wiki, saa moja tu. Rais wa klabu anagonga kengele, wageni wanatambulishwa, sajenti, yaani mwanachama anayesimamia utaratibu, anapita na kikapu cha faini (umechelewa, simu imelia, binti yako kafaulu na hukutuambia), halafu anasimama msemaji. Mara nyingi msemaji ni mgeni: daktari, mtu wa benki, mtu wa bandari. Wiki nyingine tunapokea taarifa za miradi, na hapo ni hesabu tupu: visima vingapi, madawati mangapi, chanjo ya polio imefika wapi. Hesabu hizo nazipenda. Rotary ilianza kampeni yake ya polio mwaka 1985, na tarehe 25 Agosti 2020, Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilipothibitishwa kuwa haina tena virusi vya polio vya asili, nililia dukani mbele ya wateja. Lakini zamu ya mwanachama kusimulia maisha yake ndiyo wiki ninayoingojea kuliko zote.

Zamu yangu ya kwanza niliiharibu. Nilisoma shule zangu zote, chuo, leseni, semina za Dar es Salaam na Nairobi. Watu wakapiga makofi. Rais akauliza kama kuna swali, pakawa kimya, tukaenda kunywa chai. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu, kwa sababu watu niliokaa nao meza moja mwaka mzima walikuwa wamesikia kila nilichosomea na bado hawanijui.

Miezi michache baadaye akapangiwa mzee wetu mmoja, stesheni masta mstaafu wa njia ya Tanga. Kwa desturi ya Rotary wanachama huitana kwa majina ya kwanza, rais na karani sawasawa, lakini hakuna kati yetu anayeweza kumwita kwa jina mtu aliye rika la baba yake, kwa hiyo yeye ni Mzee tu. Alikuja na mfuko wa rambo. Akatoa humo taa ya mkono ya reli, ile ya mafuta ya taa, yenye kioo chekundu, cha kijani na cheupe, akaiweka mezani kando ya kengele. Bati lake limechubuka, mpini umefungwa waya. Hakusema amezaliwa wapi.

Alisema: njia yetu ni moja, treni zinapishana stesheni. Dereva haingii kipande cha njia kati ya stesheni mbili mpaka ashike mkononi chuma cha kipande hicho, wanakiita tokeni. Mashine za stesheni hizo mbili zimeunganishwa kwa waya, na tokeni moja ikiwa nje, ya pili haitoki. Usiku mmoja wa mvua akafika mkubwa wake wa kazi na kiberenge, kile kigari kidogo cha reli, ana haraka, anataka apite. Mzee akajaribu mashine, haikutoa kitu. Mkubwa akasema mashine ni mbovu, treni ya mizigo imekwama huko mbele, fungua njia. Mzee, wakati huo kijana wa miaka ishirini na sita, mke ana mimba, akakataa. Mkubwa akamwambia kesho ataanza kutafuta kazi nyingine. Mzee akageuza kioo chekundu, akasimama katikati ya reli mbele ya kiberenge, na mvua ile. Alipofika hapo alinyanyua taa na kukigeuza kioo mbele yetu, tukasikia kile kimlio kidogo cha bati. Baada ya dakika arobaini wakasikia honi. Treni ya mizigo ikaingia, dereva akanyoosha mkono kutoka dirishani na tokeni.

Maswali yalikuwa mengi hata rais akachelewa kugonga kengele. Na tangu siku hiyo Mzee ndiye tunayemkabidhi fedha za kila mradi, bila kupiga kura.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo wa mfuko wa rambo. Chukua kitu kimoja kilichowahi kuwa mkononi mwako siku iliyokugeuza, ukisimulie chenyewe. Wasifu wako tuliusoma siku ulipoomba uanachama. Siku moja tu inatosha, mradi uieleze mpaka tujue mvua ilinyesha au haikunyesha.

Pili, eleza kazi yako kama unavyomweleza mtoto wa jirani. Watu wanne walioanzisha Rotary Chicago, tarehe 23 Februari 1905, walikuwa wakili, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi cherehani. Paul Harris, yule wakili, alikuwa amelelewa na babu na bibi yake katika kijiji cha Vermont, na mjini alikuwa mpweke. Alitaka watu wa kazi mbalimbali wafahamiane kama watu wa kijiji wanavyofahamiana. Mpaka leo nasikitika ninapomwona mwanachama anaona haya kueleza kazi yake kwa kuwa hakuna shahada ndani yake. Mzee alitueleza tokeni kwa dakika nne, na hizo nne ndizo zilizobeba kila kilichofuata.

La tatu ndilo ninalolisisitiza zaidi. Tuna maswali manne ambayo Herbert Taylor, mfanyabiashara wa Chicago, aliyaandika mwaka 1932 akijaribu kuiokoa kampuni iliyokuwa inafilisika: Je, ni kweli? Ni haki kwa wote wanaohusika? Yatajenga nia njema na urafiki? Yatawafaa wote? Tunayatamka kikaoni kwa mazoea. Yapitishe kwenye hadithi yako, sentensi kwa sentensi. Katika karatasi za yule kijana palikuwa na mstari kuhusu kaka yake aliyeuza shamba la baba yao. Ni kweli, alinihakikishia. Lakini kaka huyo hatakuwapo chumbani kujibu, na chumba chetu kina watu wanaomjua. Tukaufuta. Mzee naye hajawahi kumtaja mkubwa wake kwa jina, wala sisi hatukuuliza.

Ukilia, lia. Akina dada hasa nawaambia hivi, kwa sababu Rotary ilifungua mlango rasmi kwa wanawake duniani kote mwaka 1989 tu, na baadhi yetu bado tunasimama pale kana kwamba tunafanyiwa usaili. Muda nao uheshimu, dakika kumi na tano zikuishie ili tano zibaki za maswali.

Nanyi mnaosikiliza, wekeni simu mfukoni. Mtu anakupa kitu ambacho pengine mkewe hajawahi kukisikia.

Kijana alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama geji inafaa. Ile ya kupimia gesi ya jokofu, aliyoinunua kwa mshahara wake wa kwanza, kioo chake kimepasuka. Nikamuuliza kilipasukaje. Akaanza kunieleza, na mhudumu wa hoteli akazima taa za ukumbi tukiwa bado tumekaa.