Minara ya Tower Bridge si mawe matupu

Uliuliza kama minara ya Tower Bridge pale London ni mawe matupu. Hapana. Ndani ni kiunzi cha chuma, na ndicho kinachobeba mzigo wote. Mawe ya nje ni vazi tu, ili daraja lipatane na ngome kongwe ya jirani. Ujenzi ulianza 1886. Msanifu Horace Jones alifariki mwaka uliofuata, mhandisi John Wolfe Barry akaikamilisha kazi, na daraja likafunguliwa 1894.

Mimi linanivutia zaidi pale katikati. Meli za milingoti mirefu zilihitaji kupita Mto Thames kufika bandarini, hivyo barabara iligawanywa vipande viwili vinavyoinuka, kila kimoja zaidi ya tani 1,000. Upande wa nyuma kina uzito wa kukisawazisha, kama mizani, ndiyo maana hunyanyuka haraka. Zamani mvuke ulisukuma maji yaliyoendesha mitambo. Tangu miaka ya 1970 umeme ndio husukuma, na badala ya maji ni mafuta.

Desemba 1952 basi namba 78 lilikuwa juu ya kipande cha kusini kilipoanza kuinuka. Dereva alikanyaga mafuta, akaruka hadi ng'ambo!